Leso Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Nakumbuka asubuhi moja Bi Rukia aliingia dukani kwetu na kigelegele kabla ya salamu. Alikuwa mtu mzima, magoti yake hayapatani na vipandio vya Mji wa Kale, lakini siku hiyo alitembea kama aliyeazimwa miguu. Mjukuu wake Aziza alikuwa ameposwa.

"Haya, mwanangu," akaniambia, "itoe ile leso."

Nami moyo ukanipasuka, maana nilijua pa kuitoa sina.

Tuliza moyo nikueleze, mwanangu. Wazazi wangu walifariki nikiwa darasa la saba. Mimi ndiye mkubwa, na wadogo zangu watatu walihitaji kula, basi shule nikaiacha. Mzee Karim, aliyekuwa na duka la leso, yaani khanga, alinipa kazi na akanifundisha kuchora: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno ambayo mwanamke huyavaa ili asilazimike kuyasema. Kompyuta ilipokuja nikajifunza kuchora kwayo, polepole, mpaka programu ile ikawa kama kalamu mkononi. Michoro tuliipeleka kiwandani, leso zikarudi kwa marobota.

Mama yake Aziza, Bi Saumu, alikuja kwangu akiwa tayari mgonjwa. Akaketi juu ya robota kwa sababu kusimama hawezi. Alitaka leso ya harusi ya binti yake, na binti mwenyewe alikuwa bado yuko skuli. Tukachora pamoja siku kadhaa. Pindo likawa la asumini, mjini tukatia kikuba kimoja kikubwa, shada la asumini kama lile avaalo bibi harusi. Kwa kila jani aliniambia, "Lilaze kidogo, mwanangu, asumini haisimami kama askari." Jina akalitunga mwenyewe. Nikamuuliza kama tuichape. Akakataa. "Leso haichapwi kabla ya mchumba, ni kisirani. Iweke humo. Akiposwa, mama yangu atakuja kuichukua. Mimi sitakuwapo, lakini neno langu litakuwapo."

Hakukaa sana baada ya hapo. Mungu amrehemu.

Mzee Karim naye akatutoka, duka likawa la mwanawe, Nasoro. Nasoro hakuwa mbaya, lakini alikuwa mtu wa kipya kinyemi ingawa kidonda. Akanunua kompyuta mpya, za aina nyengine kabisa, zenye mfumo mwengine, kwa sababu rafikiye fulani anazo. Fundi Fahmi akaja kutoka Bondeni kutuhamisha.

Nikamuuliza, "Na programu yangu ya kuchorea?"

"Hiyo imezeeka, dada. Huku haikubali. Tutakutilia nyengine, nzuri zaidi."

"Na kazi zangu?"

"Zote nimezihamisha. Usiwe na wasiwasi."

"Basi nifungulie moja tu nione, kabla ile ya zamani haijatoka mlangoni."

Nasoro akacheka. "Dada huyu tukimsikiliza, tutachora kwa mkaa." Duka zima likacheka naye. Jioni ile kompyuta ya zamani ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Fahmi alikuwa ameitupa hata diski ya programu ndani ya pipa. Nikaiokota, nikaitia katika mkebe wa halua, na wakanicheka kwa hilo pia.

Sasa rudi nami kwa Bi Rukia, amesimama na furaha yake. Fahmi alikuwapo dukani. Akaitafuta faili, akaipata, akaifungua kwa programu ile mpya. Ee mwanangu! Pindo upande mmoja tu, mji mtupu, kikuba hakuna. Na pale penye jina, pale penye sauti ya marehemu, palikuwa na vijisanduku vitupu vimepangwa kama meno.

"Faili imeharibika," akasema Fahmi.

"Haikuharibika," nikamjibu. "Imefunguliwa na asiyeijua."

Nasoro akaingilia kati kwa sauti ya kuuza. "Bi Rukia, hakuna neno. Tutakuchorea nyengine, nzuri kuliko hii, tena ya kisasa."

Hapo nilihamaki. Nyengine! Kana kwamba Bi Saumu angerudi kuketi juu ya robota atuambie jani lilazwe vipi. Mimi najua yatima huachiwa nini. Mama yangu aliniachia leso moja, nikamfunikia mdogo wangu wa mwisho mpaka ikatoboka. Kama mtu angeniambia nitakupa nyengine, nzuri zaidi, sijui ningemfanya nini.

Lakini sikupata kusema. Bi Rukia alitangulia. Hakupaza sauti.

"Nasoro," akamwita, "wewe mwana wa Karim. Ukihama nyumba, waanza kutoa nini?"

"Vyombo, bibi."

"Vyombo! Watu wenye akili huanza kutoa mzee aliye chumba cha ndani, asiyeweza kujitoa. Nyinyi mmebeba makochi, mmebeba pazia, mkafunga mlango, mkamuacha mzee ndani. Na sasa mwaniambia mtaninunulia mzee mwengine."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Fahmi akajikuna ndevu. "Bibi... kuna njia."

"Njia gani?"

"Naweza kuutia ule mfumo wa zamani ndani ya hii kompyuta mpya, ukae kama chumba ndani ya nyumba. Programu ya zamani itadhani iko kwao. Ila ni kazi ya kutwa, na ile diski..."

"Ipo," nikasema.

Alijua, mwanangu! Alijua tangu siku ya kwanza. Njia ilikuwapo, nayo ilikuwa kazi ya kutwa moja tu, lakini kazi ya mikono yetu na wasia wa mwanamke anayekufa havikuonekana vyastahili kutwa hiyo. Hata leo nikilikumbuka hilo, kikombe cha chai hukiweka chini.

Akafanya kazi, sina budi kusema kweli, na akaifanya vizuri. Siku ya pili alasiri faili ikafunguka kwenye kioo. Asumini zikazunguka pande zote nne, kila jani limelala linavyotakiwa. Kikuba kikakaa mahali pake. Na jina likatokea: *Lala mwanangu, niachie mimi kukesha.*

Bi Rukia hakujua kusoma vizuri. Nilimsomea. Akaniambia, "Nisomee tena."

Harusini, wanawake wote wa nyumba ile walijifunga leso hiyo. Aziza alipoletewa yake, alilisoma jina, akajifunika uso nayo, asiiondoe kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaochora, mnaopiga muziki, mnaohariri picha za harusi kwa kompyuta. Sikatazi kipya. Nami natumia kipya. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujatoa mashine ya zamani mlangoni, fungua kazi zako zote katika hiyo mpya, uzione kwa macho yako. Neno la fundi halitoshi. Kila kazi iweke mara mbili: moja kama programu yako inavyoijua, na moja kama picha ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itaisoma. Diski na namba zake za kufungulia zitunze hata wakikucheka. Na siku hizi kuna programu za kukodi, usipolipa mwezi huu mlango wafungwa na jasho lako limo ndani. Hizo ziogope maradufu. Mtu akikwambia kazi yako imezeeka, muulize: imezeeka kazi, au ni wewe uliyechoka kuifungulia mlango?

Mungu akupe mikono isiyochoka, mwanangu, na macho ya kumuona aliye chumba cha ndani. Na siku utakapohama, usitoke peke yako.