Mishumaa miwili ya jirani wa Kifini

Jamani, leo bibi yangu kaenda kwa watu na kandili mkononi, na umeme haujakatika!

Magharibi kaona mishumaa miwili dirishani kwa jirani yetu Liisa, mwalimu kutoka Ufini.

"Maskini, yuko kizani peke yake! Chukua sahani ya biriani, twende."

Nkamwambia, "Bibi, mbona taa ya nje inawaka?"

Wapi! Keshavaa buibui.

Liisa kafungua mlango. Ndani taa tele, AC inanguruma, wageni wamependeza. Aibu nliyoona, msiniulize!

Liisa kacheka, katukaribisha. Kumbe leo ni siku yao ya uhuru, na kwao kila nyumba huwasha mishumaa miwili dirishani. Wanasema zamani ilikuwa ishara kwa anayekimbia: ingia, hapa utafichwa.

Nkamfasiria Bibi. Kasogea dirishani.

Bibi alikimbia Unguja mwaka sitini na nne, mama yangu yumo tumboni.

Kisha kasema, "Mwambie, siku ile mimi nlitafuta dirisha kama hili, nsilione."

Sasa hivi na sisi tumewasha miwili dirishani.

Mkipita mtaani kwetu Qurum, msituletee kandili.

Ingieni tu!