Nimepaka sebule kijani kikali wiki ya posa ya binti yangu, na sijutii

Wakuu, habari za humu. Vijana, marahaba, najibu kabisa kabla hamjaamkia. Hii sijahadithiwa na mtu. Ukuta upo, mwenye shaka aje Dodoma aushike.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nimebeba magunia soko la Majengo mpaka nikapata duka langu la nafaka. Nyumba nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Kwa hiyo rangi nachagua mimi.

Nikachagua kijani. Siyo kile cha kuona aibu. Kile kikali, kama uwele uliopata mvua mbili.

Binti yangu Neema akashika kichwa. Jumamosi ndugu wa mchumba wake walikuwa wanaleta posa.

"Baba, watadhani wameingia ofisi ya chama! Paka cream kama watu wengine."

"Cream ni rangi ya vumbi. Vumbi tunalo nje."

"Wakicheka je?"

"Wakicheka ukuta, utakuwa umewajua mapema."

Mlioko Dar hamuwezi kuelewa. Huku kiangazi kikishika, ardhi kahawia, majani kahawia, mbuzi kahawia. Mtu akitamani kijani mnamshangaa nini?

Sasa ujuaji wangu ukaniponza. Jumatano fundi kaanza kazi asubuhi, nikamwamuru afungue madirisha yote ili rangi ikauke haraka.

Mwezi wa nane huo, wakuu! Saa nne upepo ukaamka. Vumbi likaingia, likanata kwenye rangi mbichi. Ukipitisha kiganja, msasa mtupu.

Fundi akasema, "Mzee, hapa dawa ni cream tu. Inaficha."

 Neema alikaa juu ya ndoo, machozi yanamtoka. Hapo iliniuma, maana kosa langu, aibu yake.

Kosa nikalikubali. Cream sikuikubali.

Alhamisi tumepiga msasa kutwa, tukafuta kuta kwa kitambaa kibichi. Nikaleta magunia ya katani kutoka dukani, nikayalowesha, nikayatundika madirishani na mlangoni. Sakafu nikainyunyizia maji. Ndivyo tunavyozuia vumbi stoo. Ijumaa tukapaka koti la kwanza la rangi alfajiri, la pili jioni upepo ulipolala. Dari na milango nikaacha nyeupe.

Jumamosi wageni wakafika. Wa kwanza kuingia alikuwa bibi yake huyo mchumba, mkulima wa Mlali. Akasimama katikati ya sebule. Neema ameshika trei ya soda za baridi.

Bibi akausogelea ukuta, akaupapasa.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi, mama."

"Kwetu jani la mwisho wameshakula mbuzi. Kumbe masika yamehamia kwako!" Akawageukia wenzake. "Geuzeni kiti changu niangalie ukuta. Hiyo posa semeni nyie."

Soda hazijaisha ubaridi, posa imekubaliwa.

Nilichojifunza: rangi kali siyo ya kuogopa. Ogopa upepo. Piga msasa, lowesha magunia, paka upepo ukiwa umelala, na ukikosea rudia kile kile ulichokitaka.

Neema sasa yuko kwake. Juzi kanipigia simu: "Baba, lile kopo la kijani lililobaki usimpe mtu."

Haya, watu wa cream, njooni mjitetee.