Kilio cha Rifaat

Katika kijiji cha Naga Sidri hakuna maiti aliyeingia kaburini bila kupita kinywani mwa Zannuba. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa vilio. Wanawake wengine walipiga mayowe tu, yeye alitunga. Alimtaja marehemu kwa kilemba chake, kwa punda wake, kwa sukari aliyokuwa akitia kwenye chai, mpaka hata waliomchukia wakajikuta wanatafuta leso. Habari zilipokuja kwamba Sundus, binti wa Tafida, amefia Kairo kwa mjomba wake na kuzikwa hukohuko, Zannuba alimlilia hadi wanawake watatu wakazimia. Watu walilisimulia jambo hilo miaka minne, na Zannuba, tusidanganyane, alipenda kulisikia.

Basi mwanamke huyo mwenye maneno kwa kila msiba hakuwa na neno la kusema juu ya mwanawe.

Kijiji kilijua kwamba Rifaat yuko Iraki anafyatua matofali. Uongo mtupu! Rifaat alikaa huko miezi minane tu. Alirudi amekonda, anabishana na ukuta, hali chakula kwa kudai kimetiwa sumu. Baba yake, Makkawi, alimpokea stesheni, akamfunga shali usoni kama mtu anayeumwa jino, akampitisha nyuma kwenye miwa asionekane na mtu, akamfungia chumba cha uani, kando ya zizi la nyati wa kufugwa, wa maziwa. Akaitwa sheikh mmoja wa mbali, akasoma, kisha akamchapa kwa fimbo ya mtende ili jini atoke. Jini hakutoka. Yalitoka meno mawili. Tangu hapo ufunguo ukakaa shingoni mwa Zannuba, miaka sita.

Na msimlaumu haraka. Kwetu mtu akitaka kuoa huuliza kwanza wako wapi wagonjwa wa ukoo. Mwenye kifua kikuu atapelekewa supu, kipofu ataombewa dua. Ila akili ikimtoka mmoja, nyumba nzima inanuka. Na Zannuba alikuwa na binti, Nagah, umri wa miaka ishirini na sita.

Vita vya Kuwait vikawarudisha wanaume wote kutoka Iraki, wengine na mablanketi, wengine na nguo za mwilini tu. Nagah alikuwa keshachumbiwa na Sabri, na mama Sabri hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mbona vita vimerudisha hata vilema? Wenu yuko wapi? Mie mwanangu haoi bila kaka mtu kusimama."

Makkawi hakushauriana na mtu. Ijumaa, baada ya sala, alisimama nje ya msikiti akasema lori la wafanyakazi limepinduka jangwani, Rifaat amekufa na kuzikwa hukohuko. Kisha akaenda nyumbani kumpa mkewe habari.

"Umefanya nini, baba Rifaat?"

"Nimeyamaliza. Lia leo, arubaini ikipita tunamwoza binti."

"Mtoto yuko hai! Asubuhi hii kala mkate mkononi mwangu!"

"Hai gani ile? La kuvunda halina ubani, Zannuba. Yeye hajui tofauti. Nagah anaijua."

"Na siku akifa kweli?"

Makkawi akatandaza mkeka uani.

"Mtu haliliwi mara mbili," Zannuba alisema. "Nikimlilia leo, siku yake nitasema nini? Nimfukie kama mbwa, mdomo nimeuziba?"

"Siku hiyo itajijua yenyewe. Wanawake wako njiani. Paka tope la msiba."

Nagah alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, nakuomba," alisema. Zannuba akachota tope, akajipaka usoni.

Wanawake wakajaa uani, wamevaa nyeusi tupu, wakaketi chini kumzunguka. Tafida alikaa karibu naye. Mama Sabri naye alikuja, amejifunika vizuri. Wote wakamtazama Zannuba. Leo ni mwanawe, walifikiri, leo atatuua.

Zannuba akafumbua kinywa. Kimya. Akajaribu tena. Alimwona Rifaat mdogo, miaka mitano, amelala mapajani mwake msibani, anaitikia pamoja na wanawake. Akafumba kinywa.

"Masikini, uchungu umemkaba," mmoja alinong'ona. Tafida akaona aibu ya kimya kile, akaanza yeye kwa niaba ya mwenziwe:

"Ewe mgeni wa mchanga, nani amekutandikia?"

Kabla wanawake hawajaitikia, sauti ya mwanamume ikaitikia kutoka kando ya zizi, polepole, haikukosea hata kituo:

"Mama yu mbali, mchanga ndio mama."

Mayowe hayo! Mmoja alipiga bismillahi, mwingine akadai ni roho ya marehemu imefuata harufu ya kwao. Zannuba angewaacha waamini hivyo, mambo yangekwisha, na Nagah angeolewa. Alimtazama binti yake, akalia sasa, machozi yakachora mistari kwenye tope. Kisha akavua ufunguo shingoni, akaenda kufungua.

Rifaat alitoka akifumba macho kwa jua, ndevu mpaka kifuani.

"Nani kafa, mama?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu."

"Mbona wanalia?"

"Tumewadanganya. Mimi na baba yako."

Mama Sabri alikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Uchumba umekwisha," alisema. "Sisi hatutaki damu hiyo." Wengine wakamfuata wakivuta nguo zao zisimguse Rifaat. Tafida alibaki nyuma, amekodolea macho mlango uliofunguliwa, mpaka walipomwita.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya, wala sitayapamba. Makkawi akahamia kula kwa kaka yake. Nagah alikuwa akimwekea mama yake mkate na kuondoka bila salamu. Zannuba hakuitwa tena msibani; wakamleta mwanamke wa ng'ambo ya mfereji, sauti kama bata. Daktari wa mjini alimpa Rifaat vidonge. Akawa anakaa kizingitini juani, bado anabishana na ukuta, ila kwa sauti ya chini. Watu walivuka njia wasimpite karibu.

Siku moja baada ya adhuhuri, watu wamelala, Tafida akabisha hodi. Alizungumza kuhusu chachu, kuhusu kuku.

"Vile vidonge," alisema hatimaye. "Vinasaidia?"

"Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine hapana. Nani anaumwa kwako?"

"Sundus."

Zannuba alidhani uzee umemwingia mwenziwe. "Sundus Mungu amrehemu, dada."

"Hakufa. Yuko kwangu, juu darini, chumba cha njiwa." Tafida alikuwa akisokota ncha ya shali. "Nilitaka umlilie kidogo tu, watu wanyamaze, dada zake waolewe. Nikasema baadaye nitawaambia habari zilikosewa, mtoto amerudi. Kumbe wewe ukalia, Zannuba! Ukalia mpaka watu wakazimia. Nitamtoaje mtu aliyeliliwa namna ile?"

Zannuba akashika kizingiti. Beti zote zilimrudia, moja baada ya nyingine, pamoja na furaha aliyoipata kila watu walipozisifu. Akalia pale chini, kilio kibaya, cha makamasi, kisicho na maneno.

"Nani kafa, mama?" Rifaat aliuliza.

"Hakuna." Akajifuta kwa kiganja, akavuta shela lake msumarini. "Vaa viatu, twende kwa mama Sundus."

Wakatoka watatu. Kwenye kona Tafida akasita. "Tupite nyuma, kwenye miwa," alisema. "Wanaume karibu watatoka kwenda kusali alasiri."

"Tupite hapohapo msikitini," Zannuba alisema, akamshika mwanawe mkono.