Vinu Vilivyonyamaza Ng'ambo ya Ruvuma

Mama hakunituma ng'ambo kwenda kusali. Alinituma nikamlete mdogo wake. Safari ya kanisa ilikuwa mlango tu, nami nikapita humo, maana katika kundi letu lililotoka Mtwara ni mimi peke yangu niliyeijua njia ya kufika kijiji alichozaliwa mama, upande wa Wareno.

Bandari ya Mtwara ilikuwa bado mpya siku hizo, na vijana wa Kimakonde walikuwa wakivuka kila wiki kuja kutafuta kazi huku kwetu. Mjomba, huyo mdogo wake mama, hakuvuka. Alikuwa ametoroka kazi ya lazima katika mashamba ya Wareno, na tangu hapo akawa analala porini. Nyumbani alifika Jumapili tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiliongoza kanisa dogo la pale, na alisema hawezi kuwaacha watu wake. Mtoro akikamatwa alipelekwa mbali, na wengi waliopelekwa mbali hatukusikia habari zao tena. "Mwambie dada yake amesema basi," mama aliniambia. Kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake kuliko hata baba yao. Mama alipokuwa akizungumza alishika kidevu changu kama vile nilikuwa bado mdogo, nami nilikwisha kuolewa.

Kiongozi wa safari alikuwa Mwinjilisti wetu, mtu wa bara, mwenye sauti tamu na aliyejua kwamba anayo. Tulivuka alfajiri kwa mtumbwi, karibu na pale mto unapopanuka kuingia baharini. Alikunja suruali hadi magotini, akaikumbatia Biblia yake, akafumba macho mpaka tukagusa mchanga. Tulimtania sana. "Petro naye aliogopa maji," alijibu, akacheka na sisi. Nasema hivi ili ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

Kanisa la kule halikuwa na jengo wala kengele. Wareno hawakulitaka dhehebu letu, na mkusanyiko wowote wa watu ulitiliwa shaka. Basi watu wa mjomba walikuwa wamebuni njia yao. Jumapili asubuhi wanawake walileta vinu uani kwake, wakaanza kutwanga makopa ya muhogo kwa zamu, na wanaume wakakaa ukingoni wakisuka mikeka. Nyimbo zilikuwa za kutwangia, lakini maneno yalikuwa ya Zaburi. Mjomba alihubiri akiwa ameinama juu ya ukili wake, kama mtu anayesimulia habari za shamba. Akitokea mgeni njiani, maneno yalibadilika na michi haikukosa hata pigo moja. Nilikuwa nimezoea kanisa la mabenchi na vitabu vya nyimbo. Siku ile nilitwanga na kuimba pamoja nao, jasho likanitoka, na sijawahi kusali vile tena.

Kabla hatujaanza nilikuwa nimempa mjomba ujumbe wa mama. Akasema, "Dada akisema basi, ni basi. Nisali nao leo, niwaage, nivuke nanyi mchana." Mkewe alikuwa amekwisha kufunga kitenge na sufuria moja. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa.

Mjomba alimkaribisha Mwinjilisti aseme neno. Mwinjilisti akasimama, akafungua Biblia, akatazama vile vinu na uso wake ukabadilika. "Mama zangu," akasema, "wekeni michi chini. Neno la Mungu halisomwi katikati ya makelele."

Wanawake walimtazama mjomba. Mimi nilimsogelea Mwinjilisti nikamnong'oneza, "Hapa vinu havinyamazishwi. Vikinyamaza vyote pamoja ni msiba." Kwa kweli ndivyo ilivyo kwetu: mtu akifa, hakuna anayetwanga, na vijiji vya jirani hujua kwa ule ukimya kabla ya mjumbe kufika. Akanijibu kwa upole, ule upole unaoudhi, "Dada, hayo ni ya mila. Sisi tumeleta Neno."

Mjomba angeweza kukataa. Lakini mgeni alikuwa amevuka mto kwa ajili yao, na watu wale walikuwa wamekaa muda mrefu bila mgeni wa kanisa. "Wekeni," alisema. "Ni kitambo kidogo tu." Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Nilikasirika, nikawa wa mwisho kuuweka mchi wangu.

Akasoma vizuri, sikatai. Kijiji kizima kilisikia sauti yake, na nyuma ya sauti hiyo hapakuwa na kitu, hata kuku.

Hatukuwa tumefika mbali katika mahubiri tulipomwona jumbe wa kijiji cha pili akija taratibu, kofia mkononi, na wanawake nyuma yake wamejitanda kaniki, mmoja amebeba bakuli la unga wa matanga. Walikuja kutupa pole. Na kwa kuwa askari wa Wareno alikuwa amelala kwa jumbe usiku wa kuamkia siku ile, naye alifuata.

"Nani ametutoka?" jumbe aliuliza.

Askari alikuwa amekwisha kumwona mjomba. Jumbe naye akamwona, akaelewa alichokileta, akakaa chini palepale mchangani akafunika uso kwa kofia yake.

Mjomba hakukimbia, kwa maana uani mlikuwa na watoto wengi, na askari alikuwa na bunduki. Alipofungwa kamba alimgeukia mkewe akasema, "Twangeni." Mkewe akauokota mchi. Tuliisikia ile michi nyuma yetu njia nzima hadi mtoni.

Mtumbwini Mwinjilisti hakufumba macho. Tuliposhuka upande wetu alisema, "Sikujua."

"Uliambiwa," nikamjibu, nikaenda zangu.

Mama nilimweleza yote, naye hakulia. Baada ya siku chache Mwinjilisti alifika nyumbani kwetu Naliendele pamoja na wazee wa kanisa kutupa pole. Mama alikuwa anatwanga. Kwa desturi mwanamke akijiwa na mgeni huegemeza mchi, hufuta mikono, hupiga goti kidogo. Mama hakuacha.

"Pole ya nini, Mwinjilisti?" aliuliza, mchi ukipanda na kushuka. "Nani kafa?"

Mwinjilisti akawatazama wazee wa kanisa.

"Kaa uniombee mdogo wangu arudi. Nakusikia. Lakini mchi siweki. Nikiweka, watu watakuja na unga."

Akavua kofia, akaomba kwa sauti kubwa ili ipite juu ya makelele, na sauti yake nzuri ikakatika mara kwa mara. Mama aliitikia amina. Nilisogea nimpokee apumzike, nikachungulia kinuni. Hamkuwa na makopa tena. Ulikuwa unga mtupu, laini, wa tangu asubuhi, na mama alikuwa bado anautwanga.