Chumba Kilichosubiri Serikali

Kiwandani walimwita Bi Dekio, naye hakuona ubaya. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwa jamaa zake na kwenye kitambulisho. Pale kazini mtu huitwa kwa kile anachoshika, na yeye alishika dekio.

Hakuanza hivyo. Aliingia akiwa binti, kiwanda kikishona mashati ya kiume ya kupeleka nje, akawekwa upande wa kola. Kola ndiyo sehemu ya shati isiyosamehe: ikipinda kidogo, hata mlevi ataiona. Alizishona hadi macho yakaanza kumgomea. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe unataka macho ya ujana. Siku alipopitisha sindano kwenye ukucha wake mwenyewe, msimamizi alimwambia achague, usafi au kwenda nyumbani. Akachagua usafi. Walipompa pole alisema sakafu ina heri, haikimbii kama cherehani.

Vyoo vya wanawake vilikuwa vyake, na korido, na ngazi, na sinki ndefu ya kunawia mikono. Kwenye sinki hiyo aliona jambo ambalo halikumpendeza hata siku moja. Mwanamke akirudi kutoka likizo ya uzazi, wiki ya kwanza huwa anachelewa chooni. Akitoka ana macho mekundu na blauzi imeloa kifuani, na pembeni ya bomba hubaki matone meupe. Bi Dekio aliyafuta kwa kitambaa, akafungulia maji. Maziwa ya watoto wa watu yakaingia shimoni pamoja na povu la sabuni. Baada ya muda matone yalipungua, kisha yakakoma, na hapo akajua kwamba kuna mtoto mahali fulani mjini ameanza kunyweshwa maziwa ya kopo.

Mlango wa pili kutoka chooni, kabla ya stoo ya vitambaa, palikuwa na chumba cha kunyonyeshea. Kilijengwa wakati serikali ilipotangaza kwamba itaridhia mkataba wa kimataifa wa kuwalinda wazazi kazini. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliwaeleza kwamba mkataba huo unampa mama nafasi ya kumnyonyesha mwanawe katikati ya kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa kazi. Wenye kiwanda hawakutaka waonekane wa nyuma. Wakapaka kuta rangi ya krimu, wakaweka viti vyenye mito, beseni, pazia na mkeka. Waziri akaja, akakata utepe, akapigwa picha akiwa amekaa kwenye kiti kimojawapo, akaondoka. Mlango ukafungwa, na tangazo likabandikwa kwamba chumba kitaanza kutumika mara tu mkataba utakaporidhiwa.

Tangu hapo waziri ndiye mtu pekee aliyekuwa amekalia viti vile.

Kwanza bunge lilivunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Waziri mpya akasema hawezi kurithi mkataba kama mtu anavyorithi kabati, lazima ajue kilichomo ndani, akaagiza utafiti. Utafiti ukataka maoni ya wadau. Wadau wakakutana hotelini, wakala, wakakubaliana wakutane tena. Faili likaenda kwa mwanasheria wa serikali, likarudi na maswali, likaenda tena. Kila mkutano wa wafanyakazi, yule mwakilishi, mzee mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, alisimama akasema, "Ndugu zangu, mkataba uko mbioni." Wakambatiza jina la Mbioni.

"Mzee Mbioni," fundi wa vifungo alimwuliza siku moja, "mbio gani hizi zisizotoa jasho?"

"Serikali haikimbii hovyo, mama. Inakwenda kwa utaratibu."

"Mimi nilikuwa na mimba nilipokusikia mara ya kwanza. Huyo mtoto sasa ananitukana."

Ufunguo wa chumba alikuwa nao Bi Dekio, kwa sababu wanunuzi wa mashati walikuja kila baada ya muda kukagua kiwanda na walipenda kuonyeshwa chumba kile. Afisa utumishi hakutaka vumbi lionekane. Basi kila asubuhi Bi Dekio alifungua, akadeki sakafu isiyokanyagwa, akafunga.

"Unamdekia nani?" mkata vitambaa alimtania.

"Serikali."

"Kwani serikali ina mtoto?"

"Ina mimba. Ila ni mimba ya tembo."

Walicheka, na yeye akacheka. Lakini mwaka huo mke wa mwanawe, aliyekuwa akishona mikono ya mashati safu ya pili, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike alitoka mdogo hata Bi Dekio aliogopa kumshika kwa mikono iliyozoea ndoo. Muuguzi alisema maneno machache: maziwa ya mama tu, kitu kingine kisiguse mdomo wake hadi uzito ukae sawa. Likizo ikaisha uzito haujakaa sawa. Baba wa mtoto, dereva wa malori ya masafa, alikuwa njiani kama kawaida yake. Kuacha kazi hakukuwezekana, maana mshahara wa lori ulikuwa ukifika nyumbani ukiwa umechoka kuliko dereva mwenyewe.

Wakamwachia mtoto jirani, mama mtu mzima aliyejua kulea. Mchana jirani alimleta hadi langoni, lakini mlinzi alikuwa na amri zake: mtoto haingii kiwandani, mshonaji hatoki kabla ya kengele. Mkwe alikamulia kwenye chupa, mtoto akaikataa chupa, akalia hadi akachoka. Jioni mama alirudi na matiti mazito, siku zilivyopita si mazito sana.

"Mama, yanapungua," mkwe alisema jioni moja, mtoto yuko kifuani anavuta na kuachia.

"Nimeona."

"Umeona wapi?"

"Kwenye sinki."

Mkwe alimhamishia mtoto titi la pili.

"Titi lisiponyonywa linadhani mtoto amekufa," Bi Dekio alisema. "Linaanza kufunga safari." Akamfunika mtoto miguu. Mwanawe wa kwanza, huyo wa malori, alikua kwa maziwa ya kopo yaliyozimuliwa, akapona kwa bahati. Wa pili hakukaa. Wakati huo yeye alikuwa kwenye kola, na kola zilikuwa zinahitajika.

Wiki hiyohiyo afisa utumishi alimfuata koridoni. Alikuwa kijana wa makamo ya mwanawe, mwenye heshima na shati lililoshonwa kwingine.

"Shikamoo, Bi Dekio."

"Marahaba, baba."

"Mkweo ana mtoto mdogo, sivyo? Keshokutwa wageni wanakuja. Safari iliyopita waliuliza mbona chumba hakina watu. Sasa tungeomba aje na mtoto, akae pale kidogo, wamwone."

"Anyonyeshe, au akae tu?"

"Akinyonyesha itapendeza zaidi."

"Na wakiondoka?"

"Wakiondoka unafunga kama siku zote. Unajua mwenyewe, mkataba bado. Tukifungua mlango huu tutaambiwa tufungue na mingine: likizo ndefu, sijui nini. Makao makuu wamekataza mpaka serikali itamke."

Nyumbani mkwe alichachamaa. "Yaani mwanangu awe maonyesho? Hawamtaki langoni, wanamtaka kwenye picha? Siendi, mama. Nisamehe, ila siendi."

"Utaenda."

"Nikawapambie chumba chao?"

"Kwenda tutakwenda," Bi Dekio alisema, akikunja nepi. "Kutoka ndiko sijakuambia."

Wageni walikuja wawili, na mkalimani. Mkwe alikaa kwenye kiti kilekile cha waziri, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na dirisha, khanga begani, mtoto akinyonya kwa pupa huku akishika kidole cha bibi yake. Afisa alitabasamu kama bwana harusi. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye mvi, aliinama akamtazama mtoto kwa muda, kisha akauliza kitu.

"Anauliza unakuja humu mara ngapi kwa siku," mkalimani alisema.

Afisa alifungua mdomo. Mkwe akamtangulia.

"Mwambie leo ndiyo mara ya kwanza. Ila kuanzia kesho nitakuwa nakuja mara mbili, asubuhi na alasiri. Bosi huyu hapa ndiye aliyenikaribisha."

Mkalimani alitafsiri yote, maana ndiyo kazi aliyolipiwa. Mgeni akamgeukia afisa, akampa mkono, akautikisa kwa furaha, akasema jambo refu.

"Anasema hongera," mkalimani alisema. "Na wakirudi watapenda kumwona mtoto alivyokua."

Afisa alishukuru. Hakuna namna nyingine ambayo mtu anaweza kujibu hongera.

Kesho yake, jirani alipofika langoni asubuhi, Bi Dekio aliweka ndoo chini akaenda mwenyewe kumpokea mtoto.

"Huyo anakwenda wapi?" mlinzi aliuliza.

"Chumbani kwake."

"Wageni si waliondoka jana?"

"Waliondoka wao. Yeye si mgeni."

Mlinzi alikuna kichwa. Jana aliamriwa ampitishe mtoto. Leo hakuna aliyemwambia amzuie. Akampitisha.

Kabla ya mchana afisa alikuwa mlangoni. Mkwe alikuwa ameshanyonyesha na kurudi kwenye cherehani, mtoto amelala juu ya mkeka, Bi Dekio akipangusa dirisha lisilo na vumbi.

"Bi Dekio, nilisema ufunge."

"Nitafunga, baba. Suala hilo linashughulikiwa."

"Linashughulikiwa na nani?"

"Mtoto yuko ndani. Lazima kwanza aamke, halafu tushauriane na mama yake, maana ni mdau."

Afisa alitaka kukasirika, akashindwa kukaza uso. Alitazama sakafu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila dharau, "Mama, mwakani unastaafu. Mimi sitaki uchezee kiinua mgongo chako kwa sababu ya chumba."

Hilo Bi Dekio alikuwa ameshalifikiria. Miaka yote aliyoinama pale ilikuwa imefungwa kwenye kiinua mgongo hicho, pamoja na mabati aliyokusudia kuezekea nyumba. Aliendelea kupangusa.

"Mwanangu wa pili alikufa mimi nikiwa kwenye kola," alisema. "Ofisi ilinipa pole na siku mbili. Sikuwalaumu, hakukuwa na chumba. Sasa chumba kipo na ufunguo ninao mimi. Nikikifunga nitamlaumu nani?"

Afisa alikwenda zake.

Siku zilizofuata walikuja wengine, watoto wao wakipokelewa langoni na Bi Dekio vilevile. Mama mmoja wa safu ya pasi, kisha yule wa kukagua ubora aliyekuwa akijifungia chooni. Walikuja kama wezi, wakitazama nyuma, wakanyonyesha harakaharaka. Bi Dekio aliwakemea: "Kaeni vizuri, nyie. Maziwa hayashuki kwa mtu anayekimbizwa." Sinki ikakauka, na yeye akawa na kazi mpya ya kutoa nepi.

Mwisho wa mwezi afisa alirudi na kufuli mpya kwenye pakiti yake. Alikuta watoto watatu wamelala wakigusana miguu, na harufu ile ya maziwa na poda iliyojaza chumba. Alisimama kizingitini na kufuli mkononi.

"Huwa wanaamka saa ngapi?"

"Hawana ratiba."

Alisubiri. Akatazama saa, akasubiri tena. Alikuwa na kikao. Akaitia kufuli mfukoni, akaenda kikaoni.

Baadaye ilijulikana kwamba aliwapigia makao makuu. Wakamwuliza kama serikali imeridhia, akasema bado. Wakamwuliza nani basi ameamuru chumba kifunguliwe, akasema hakuna aliyeamuru, ila wageni wamekisifu na wameahidi kurudi. Wakafikiri, wakamwambia asifanye lolote mpaka serikali itakapotoa mwelekeo. Akafuata agizo. Hakufungua chumba, wala hakukifunga.

Katika mkutano uliofuata Mzee Mbioni alisimama, akatoa kalamu moja, akasema mkataba umerudishwa kwa mwanasheria ili maneno fulani ya tafsiri yaangaliwe upya, lakini wasikate tamaa.

"Mbio za sakafuni," fundi wa vifungo alianza.

"Mama, niache nimalize."

"Maliza, mzee. Sisi tunanyonyesha."

Mtoto wa mkwe aliongezeka. Muuguzi alimpima, akampima tena kwa kutoamini mizani, akatabasamu. Mikunjo ilitokea mapajani, kisha jino, kisha jino jingine. Bi Dekio aliendelea kumpokea langoni asubuhi na alasiri, mgongo ukilalamika kila juma zaidi, kwa kuwa mtoto sasa alikuwa mzigo wa haki.

Jioni moja mkwe alikaa mkekani na bakuli la uji, mtoto akila huku nusu ikiishia kwenye masikio. Alipompa titi, mtoto alilitazama, akalisukuma kwa mkono, akataka kijiko.

"Ameniuma leo," mkwe alisema. "Kisha akacheka."

"Basi amemaliza."

"Hata mwaka hajatimiza sawasawa."

"Kashiba. Atanyonya usiku akitaka. Mchana muache na jirani."

Mkwe alimfuta mtoto uso kwa ncha ya khanga. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko uji uliokuwapo.

"Kwa hiyo kesho saa nne nitakuwa wapi mimi?"

"Kwenye mikono ya mashati, mwanangu," Bi Dekio alisema. "Na kile kiti kuna binti wa stoo amejifungua juzi, anakiulizia."