Filamu ya Mbuzi na Daftari Langu la Makadirio

Mwanangu Anastazia, kuna Jumamosi moja ya Musoma ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na baba yako mkubwa asinisikie. Ukumbi ulikuwa na viti mia mbili. Nilikuwa nimeapa kwamba vitajaa. Walikuja watu thelathini na mmoja, na wawili kati yao waliingia kukwepa jua tu.

Nimeikumbuka jana, ulipofika hapa Bunda na kompyuta yako ukanifungulia makadirio ya zile filamu tatu za familia ambazo studio yenu itazionyesha Desemba hii, shule zikifungwa. Ulinionyesha mistari inayopanda na rangi za kijani. Ukasema, mama mkubwa, safari hii hatukosei, mkurugenzi anasubiri namba Jumatatu. Mimi nikacheka, wewe ukanuna. Leo kaa, chai ipo na viazi vipo, nikueleze nilichokuwa nacheka. Sikuwa nakucheka wewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, tena mwenye maringo. Picha iko ukutani, usibishe. Nilikuwa nakata tiketi kwenye banda la video la Bwana Majura, hapa hapa Bunda karibu na stendi. Majura alikuwa pia na studio ya picha Musoma, akirekodi harusi na kipaimara. Katika kazi hiyo nikagundua nina kipaji cha kujua watakaokuja kabla hawajaja. Siku ya mnada nilikuwa napita mnadani asubuhi, naangalia ng'ombe wangapi wamepata wateja, na vijana wangapi wa machimbo ya Buhemba wameshuka mjini na viatu vipya. Nikirudi namwambia Majura, leo filamu ya ngumi ina watu themanini. Wanakuja themanini na wawili. Watu wakaanza kuniita Mtabiri, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuitika.

Mwaka ule Majura akachoka kurekodi harusi za watu. Akatengeneza filamu yake mwenyewe, filamu ya familia, ya bibi na mjukuu wake wanaomtafuta mbuzi wao aliyepotea siku tatu kabla ya Krismasi. Waliirekodi upande wa Nyegina na vijiji vya ziwani, na wanakwaya ndio walioigiza majirani. Bibi wa kwenye filamu alikuwa mama mmoja wa ziwani, Bibi Sabina, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye hakuwa ameigiza chochote maishani mwake isipokuwa kulia kwenye misiba ya watu asiowajua vizuri. Alikuwa hodari ajabu. Mbuzi naye alikuwa hodari, ila alikula kurasa mbili za maneno, ndiyo maana kuna sehemu pale katikati wanatembea tu bila kusema kitu.

Sasa sikiliza kilichokuwa hatarini. Majura alikuwa na kamera moja, ile moja tu. Fundi mmoja wa Mwanza alikuwa anaitaka sana, na wameshaelewana bei. Majura akaniambia wazi kwamba filamu hii ikiwa na watu, anaibakisha kamera na anatengeneza ya pili. Ikikosa watu, kamera inakwenda Mwanza na yeye anarudi kwao Butiama kulima. Kwa hiyo, akasema, Mtabiri, niambie tuonyeshe wapi, lini, na watakuja wangapi.

Mwanangu, nilijibu siku hiyo hiyo. Nilifungua daftari langu nikafanya hesabu nzuri, yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Musoma, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wakiwa wamelipwa mishahara, saa nane mchana: watu mia mbili, wengi kutoka vijiji vya ziwani, kwa sababu watataka kuona kwao. Butiama nikaandika kumi na watano, na nikamwambia Majura kwamba hao ni ndugu zake, wataona aibu kukosa. Alicheka, lakini niliona imemuuma.

Kuna jambo dogo nililipuuza. Siku ya mwisho ya kurekodi, Bibi Sabina alinishika mkono akasema mkipanga siku mniambie kwanza. Nikamwambia ndiyo, bibi. Niliona ni mzee anayetaka kuheshimiwa, basi. Siku ilipopangwa nilimtumia ujumbe kwamba ni Jumamosi saa nane, avae kitenge kizuri.

Haya, Jumamosi ikafika, na wale thelathini na mmoja nimeshakutajia. Nilisimama mlangoni na kitabu changu cha tiketi, kila nikisikia miguu najiweka sawa, kumbe ni watu wanapita kwenda zao. Vijana walioingia waliuliza kama kuna ngumi. Nilipowaambia kuna mbuzi, sita walidai kiingilio chao. Majura hakunigombeza. Alikaa kiti cha nyuma akaitazama filamu yake mpaka mwisho, akazima projekta, akaanza kukunja waya polepole. Ningefurahi kama angenitukana.

Kilichoniwasha zaidi ni kwamba hata Bibi Sabina hakutokea. Mwigizaji mkuu hajaja kwenye filamu yake! Nikatafuta wa kumtupia lawama nikampata yeye. Kesho yake baada ya misa nikapanda gari mpaka kijijini kwao, nimejaa maneno.

Nilimkuta ufukweni. Ufukwe mzima ulikuwa mweupe kwa dagaa walioanikwa, na kina mama wameinama kila mahali wakiwageuza, watoto wakifukuza ndege. Bibi Sabina aliniona, akanipa fagio, akaendelea na kazi. Hata salamu yangu aliijibu akiwa ameinama. Basi nikageuza dagaa. Niligeuza mpaka kiuno kikaniambia habari zake, na yale maneno niliyokuja nayo yakaisha yenyewe. Ndipo akanyooka, akaniangalia.

"Haya sema. Umekuja kuniuliza kwa nini sikuja."

Nikasema ndiyo, bibi.

"Sasa hizi ni siku za giza. Siku za giza mitumbwi inaingiaga ziwani na taa, asubuhi inarudi imejaa, na sisi tunaanika mpaka jua linazama. Nikiacha hawa dagaa saa nane niende kuangalia mbuzi, mvua ikinyesha nimekula hasara. Mwezi ukianza kuwaka, dagaa hawafuati taa, wanaume wanashona nyavu, na sisi tunakuwaga na nafasi na tuna hela ya mauzo. Kila mtoto hapa anajua hilo. Wewe ulimuuliza nani?"

Sikumuuliza mtu, nikasema. Nilipiga hesabu.

"Ulikuwaga Bunda unahesabu wanaume," akasema. "Mwanaume akitaka filamu anainuka anaenda, amemaliza. Mimi nikienda, naenda na wajukuu wanne, na wa jirani wawili, na mtoto wa marehemu dada yangu. Ukinipata mimi umepata watu wanane. Ukinikosa mimi, umetukosa wote wanane kwa siku moja. Na wala hukuniuliza, binti. Uliniambia nivae kitenge."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwishoni mwa mwezi ni sikukuu ya wenye mishahara. Mimi nilikuwa nimewapangia kina mama wa ziwani sikukuu ya watu wengine, halafu nikashangaa hawakuja kusherehekea. Nikalia palepale, na machozi yakadondokea dagaa wa watu. Bibi Sabina akasema wale nimewatia chumvi bure, akacheka, na mimi nikacheka, na kina mama wa jirani wakacheka bila kujua sababu. Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule.

Nilirudi kwa Majura nikamwambia, kosa ni langu, si la filamu. Nikamwomba kitu kimoja: asiiuze kamera kabla hatujaonyesha Butiama. Fundi wa Mwanza alikuwa anakuja baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Majura akasema wewe si uliniandikia watu kumi na watano? Nikamwambia ile karatasi aisahau.

Safari hii nilikwenda Butiama siku tano kabla, nikapita nyumba kwa nyumba. Sikuwauliza kama watapenda filamu. Mtu akiulizwa hivyo mbele ya mgeni, atakwambia ataipenda sana. Niliwauliza Jumapili saa nane wanakuwaga wapi, na wana nani mikononi, na nyumbani nani amebaki na ng'ombe. Hapo ndipo nikajua shida yao. Watoto ndio wachungaji wa Jumapili, kwa zamu, kwa sababu baba zao siku hiyo wanapumzika. Bila watoto, hakuna filamu ya familia. Na fedha taslimu hazikuwepo, mahindi yalikuwa bado shambani, lakini kuku walikuwa wanataga kila nyumba.

Kina mama wakakaa wakaongea kwa lugha yao, mimi naambulia neno moja moja. Mwishowe mmoja wao akaniambia wameamua. Jumapili hiyo akina baba watachunga. Na mama atakayekuja na mayai sita ataingia na watoto wote alionao. Nikamuuliza na akina baba wamekubali? Akasema bado hawajaambiwa.

Nikafungua daftari, nikaandika kwa mkono wa mtu mwenye adabu: Butiama, mia moja na ishirini. Na kule ziwani mwezi ulikuwa umeanza kuwaka.

Jumapili yenyewe, mwanangu, natamani ungekuwepo. Misa ilipokwisha walikuja moja kwa moja, na nguo zao za kanisani, kila mama na kundi lake nyuma, kubwa kwa dogo. Majura alikuwa mlangoni na beseni la mayai, halafu beseni la pili, halafu akavua koti lake, mayai yakaingia humo. Mmoja alileta jogoo mzima akadai chenji. Kwenye kilima cha pili niliwaona wazee wa watu, na fimbo zao na kofia za Jumapili, wanahangaika na ng'ombe ambao walikuwa wanawashangaa waziwazi. Kitabu changu cha tiketi kiliisha watu wakiwa bado wamejipanga mpaka barabarani. Sikuwa na karatasi nyingine, basi nikachukua lile daftari la makadirio, nikaanza kuchana. Niliichana Musoma yenye mistari ya rula, nikaichana Butiama ya watu kumi na watano, nikazigawa vipande vipande, na kila mtoto akashika kipande chake kwa mikono miwili.

Filamu ikaanza. Pale mbuzi alipopotea walinyamaza wote, hata wachanga. Na pale bibi alipomwona mbuzi wake juu ya jiwe, ukumbi uliruka, na katika kuruka huko mtoto mmoja akageuka nyuma, akaona kwamba bibi yule yule amesimama mlangoni. Bibi Sabina, ambaye safari hii nilimwambia kwanza, alikuwa amefika na wenzake kumi na mmoja kutoka ziwani, wamebanana kwenye basi dogo, naye amevaa kitenge kizuri. Yule mtoto akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Kisha akatoka mahali pake, akaenda akamshika mkono, akamuuliza mbuzi yuko wapi. Bibi akamwambia amemwacha nyumbani, anawasalimia.

Majura alikuja nilipokuwa nimeegemea ukuta. Shati lilikuwa limemlowa, na kiini cha yai kilikuwa kwenye ndevu.

"Nyangeta, uliandika mia na ishirini. Hawa wamefika wangapi?"

Nikamwambia sijui. Nimeacha kuhesabu kwenye mia mbili, na daftari nimelichana.

"Basi leo umekosea vizuri," akasema, na akafunika uso wake kwa ile mikono yenye mayai, akalia kwa furaha mbele ya ukoo wake wote.

Fundi wa Mwanza alifika Jumatatu kama alivyoahidi. Tulimkaangia mayai manne, akala, akaaga, akaondoka bila kamera. Tulirudia Musoma wiki ile ile, mitumbwi ikiwa imepumzika, na viti mia mbili havikutosha. Filamu ya pili ilitengenezwa, na ya tatu, na mbuzi alizeeka kwa heshima zote.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Namba zako ni nzuri na wala sikwambii uzitupe. Hata mimi sikuacha kupiga hesabu, niliacha kuanza nazo. Kabla hujampelekea mkurugenzi wako hiyo kompyuta, panda basi. Nenda ziwani uulize giza linaanza lini Desemba. Nenda Butiama uulize nani atabaki na ng'ombe. Unapokadiria filamu ya familia, usihesabu viti wala vichwa, mtafute yule mama ambaye akiinuka nyumba nzima inainuka naye, ukae karibu yake, umsaidie kazi aliyonayo mkononi, kisha umuulize. Na akikwambia mniambie kwanza, mwambie kwanza. Usimwambie tu avae kitenge. Mtu unayetaka fedha yake, mpe kwanza sikio lako, na hilo si la filamu peke yake, utalikuta hata kwenye ndoa.

Kesho kuna gari la asubuhi la Musoma, na fagio nitakupa mimi. Mungu wa ziwa na wa nchi kavu akutangulie, mwanangu. Akupe watu wa kukuambia ukweli wakiwa wameinama kazini. Na ikibidi ukosee, kwa kuwa lazima utakosea, asikupe kosa langu la Musoma. Akupe lile la Butiama, milango ifurike mpaka ukose karatasi ya tiketi, uyachane makadirio yako mwenyewe kwa mikono yako, na uwe unacheka unapoyachana.