Machungwa ya Mkuyuni na Swali la Zuhura

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini wanafunzi wangu wameshaisambaza, bora niisimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi. Nafundisha takwimu chuoni, kozi ya mtandaoni, na Jumamosi ile nilikuwa na kipindi cha asubuhi huku mke wangu anataka machungwa ya wageni, basi nikajifanya mjanja, nikawa nimerekodi somo zima jana yake (tai shingoni, uso unang'aa mafuta), asubuhi nikaliwasha kwenye kompyuta nyumbani Mafiga kana kwamba nipo, nikapanda pikipiki hadi soko la Mkuyuni. Nani angejua? Kila wiki wawili niliozoea kuwauliza kwanza walijibu "sawa mwalimu", darasa lililobaki likawa kimya, na ukimya ule mimi niliuita kuelewa.

Sokoni nikainamia tenga la dada mmoja aliyeegemeza simu yake kwenye mzani. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Kuna swali? Hakuna. Vizuri, tuendelee."

Yule dada akaniangalia, akaangalia simu, akaniangalia tena.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu (mdomo una mazoea yake).

"Mimi Zuhura, mwanafunzi wako. Swali ninalo. Nimeliandika mara tatu hunijibu. Mtihani nishaufeli mara moja, nikifeli tena naondolewa."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Tena maikrofoni alikuwa ameifungua ili aulize, kwa hiyo darasa zima lilisikia, mmoja akaangua kicheko kwenye simu: "Mwalimu yuko sokoni!"

Miguu ilitaka kukimbia. Nikaikatalia, nikageuza ndoo nikakaa. "Uliza."

Hakuelewa sampuli. Nikamwuliza, mteja akitaka kujua tenga lote likoje, aonje yapi?

"Asichukue ya juu, ya juu tunapanga mazuri. Achanganye, mpaka ya chini." Akaingiza mkono chini ya tenga, akatoa chungwa moja. "Kumbe ndiyo hiyo tu?"

Wengine nao wakaanza kuuliza, watu ambao sauti zao sikuwahi kuzisikia, huku yule mimi wa tai akihubiri peke yake hadi mwisho: "Naona wote mmeelewa." Walicheka mpaka nikacheka nao.

Sasa somo la kurekodi nawatumia mapema walitazame, na kwenye kipindi naeleza dakika kumi, namwita mtu kwa jina, nasubiri hata nikitoka jasho. Zuhura anafanya mtihani mwezi ujao, na nimeapa hatafeli kwa kukosa jibu langu. Wale wawili wa "sawa mwalimu" kila wiki siwaulizi kwanza tena. Walikuwa machungwa yangu ya juu.